Louisville, Kentucky: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake, watu wake na sehemu za kutembelea

Kila familia mpya inayofika Louisville, iwe imetoka Kongo ikapitia kambi za Tanzania, Burundi au Uganda, iwe ni Wakenya na Wabongo waliofuata masomo au kazi, inaulizaga maswali yale yale kuhusu huu mji, so nimeona bora niyaandike pamoja na majibu yake. Wengi wanaujua kwa vitu viwili tu, Muhammad Ali na kuku wa KFC, basi. Lakini ukikaa hapa bila kujua habari za mto na habari za watu weusi wa mji huu utakuwa unapita mbele ya mambo makubwa kila asubuhi ukienda kazini bila kujua.

Louisville iko wapi na ni mji mkubwa kiasi gani?

Iko upande wa kaskazini wa jimbo la Kentucky, ukingo wa kusini wa mto Ohio, ukivuka daraja tu uko Indiana. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 630,000, ndio mji mkubwa kuliko yote Kentucky ila sio makao makuu ya jimbo, makao makuu ni Frankfort. Mwaka 2003 mji uliunganishwa na kaunti ya Jefferson ikawa serikali moja, ndio maana utasikia watu wanasema Louisville Metro. Wenyeji wanalitamka jina harakaharaka, kama "Luavol".

Kwanini mji ulijengwa hapo na sio sehemu nyingine?

Jibu ni mto, hakuna lingine. Ohio ni mto mrefu, zaidi ya kilomita 1,500, na boti zilikuwa zinateremka vizuri tu mpaka zifike hapa zikutane na maporomoko. Usifikirie maporomoko kama ya Victoria, hapana, ni mteremko wa miamba ya chokaa ambapo maji yanashuka kama mita 8 hivi katika umbali wa kilomita 3, kasi na mawe, chombo kikubwa hakipiti mpaka maji yajae. Sasa boti ikifika inabidi ishushe mzigo, mzigo ubebwe na mikokoteni mpaka chini ya maporomoko, upakiwe upya kwenye boti nyingine. Na penye kushusha na kupakia mnapajua wenyewe, panataka wachukuzi, maghala, nyumba za kulala wageni, mama wa kupika, fundi wa kutengeneza gurudumu, ndani ya miaka michache pashakuwa mji.

Aliyeanzisha ni George Rogers Clark, mwanajeshi, mwaka 1778 wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, alikuja na askari wake pamoja na walowezi wakakaa kwenye kakisiwa kanaitwa Corn Island, ambako leo hakapo tena, maji yamekameza. Jina ni la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa kwa sababu Ufaransa iliwasaidia Wamarekani dhidi ya Mwingereza. Mwaka 1830 ukafunguliwa mfereji wa kukwepa maporomoko na mpaka leo meli za mizigo zinapita kwenye malango ya maji yanayoitwa McAlpine.

Ukitaka kuyaona hayo mawe yenyewe vuka upande wa Indiana, kuna hifadhi ya Falls of the Ohio pale Clarksville. Maji yakipungua, kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi hivi, unatembea juu ya mwamba uliojaa matumbawe yaliyogeuka jiwe, yana umri wa miaka kama milioni 390, yaani sehemu hii ilikuwa bahari ya joto. Ukiinama unaona vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki vimejipanga, na watoto wanaweza kuvigusa kwa vidole. Kuokota na kuondoka navyo ni marufuku.

Je, Louisville ilikuwa na utumwa?

Ndiyo, na hili swali naomba tulijibu kwa kirefu. Kentucky lilikuwa jimbo la utumwa, Indiana ng'ambo halikuwa, kwa hiyo mto Ohio ndio ulikuwa mpaka kati ya kumilikiwa na kuwa huru. Watu walikuwa wanauzwa hapa katikati ya mji, wanafungwa minyororo, wanapakiwa kwenye boti kuteremshwa kusini kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi na Louisiana, na kutenganishwa mama na mtoto lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Na hapo hapo kuna waliokuwa wanavuka usiku kwenda ng'ambo wakisaidiwa na watu weusi huru na wazungu wachache waliokuwa na moyo.

Mtu ninayetaka kila mgeni amjue anaitwa York. Alikuwa mtumwa wa William Clark, mdogo wake yule George Rogers. Mwaka 1803 Meriwether Lewis na William Clark walikutana hapa kwenye maporomoko kuanza msafara wao maarufu wa kwenda mpaka bahari ya Pasifiki, na York akaenda nao njia nzima, kwenda na kurudi. Alibeba bunduki, aliwinda, aliuguza wagonjwa, na walipofika magharibi mwisho kabisa mwaka 1805 wakapiga kura wapi pa kupiga kambi ya baridi, kura yake ikahesabiwa kama ya wengine. Waliporudi 1806 wanaume wenzake walilipwa pesa na ardhi, York hakupata kitu, na alipoomba uhuru wake Clark akamkatalia kwa miaka. Sanamu yake ipo Belvedere, ule uwanja wa juu karibu na mto, ilisimamishwa 2003, kazi ya mchongaji wa hapa hapa Louisville Ed Hamilton. Nenda kaisimamie mbele, amesimama na bunduki mkononi, anatazama upande wa mto.

Baada ya utumwa mambo yalikuwaje?

Ubaguzi uliendelea kwa sheria. Mwaka 1914 mji ulipitisha sheria kwamba mtu mweusi haruhusiwi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi na kinyume chake. Wanaharakati wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wakaipeleka mahakamani, William Warley ambaye alikuwa mweusi na mhariri wa gazeti ndiye aliyesimama kwenye ile kesi, na 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta. Kesi inaitwa Buchanan dhidi ya Warley, wanasheria wanaisoma mpaka leo. Ila watu wakatafuta njia nyingine za kubagua, ndio maana ukiangalia West End ya leo, yaani mitaa ya magharibi wanakokaa watu weusi wengi, na mitaa ya mashariki utaona tofauti ambayo haikuja yenyewe.

Mwaka 1954 wazungu wawili, mume na mke, Carl na Anne Braden, walinunua nyumba kwa jina lao kwenye mtaa wa wazungu huko Shively kwa niaba ya familia ya kimweusi ya Andrew na Charlotte Wade. Nyumba ikarushiwa mawe na risasi, ukachomwa msalaba jirani, mwishowe ikalipuliwa kwa baruti. Aliyefungwa? Carl Braden, kwa kosa la uchochezi! Aliyelipua hakuna aliyehukumiwa. Nikisoma hii habari huwa inaniuma kila mara.

Kuna mazuri pia waliyojijengea wenyewe. Maktaba ya Western Branch ilianza 1905 na jengo lake la sasa likafunguliwa 1908, ni ya mwanzo kabisa Marekani kuwa maktaba ya umma ya watu weusi inayoendeshwa na watu weusi wenyewe, chini ya Thomas Fountain Blue. Bado ipo na inafanya kazi, unaingia bure. Na barabara ya Walnut ilikuwa na mabenki, magazeti, kumbi za muziki, maduka, yote ya watu weusi, mpaka miaka ya 60 serikali ilipobomoa sehemu kubwa kwa jina la kuboresha mji. Hiyo Walnut ndiyo inaitwa sasa Muhammad Ali Boulevard, ilibadilishwa jina 1978.

Ni kweli wahamiaji waliwahi kuuawa hapa?

Kweli. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1855, siku ya uchaguzi, makundi ya chama cha kupinga wageni yaliwavamia Wajerumani na Waayalendi ambao wengi walikuwa Wakatoliki, nyumba zikachomwa, watu wasiopungua 22 wakafa. Wanaiita Jumatatu ya Damu. Leo wajukuu wa hao Wajerumani na Waayalendi ndio wenye mji, kanisa zao ndizo zinapokea wakimbizi.

Muhammad Ali alizaliwa na kukulia wapi hasa?

Alizaliwa Louisville tarehe 17 Januari 1942, jina Cassius Marcellus Clay, jina la mzungu wa Kentucky aliyepinga utumwa. Nyumba waliyokulia ipo Grand Avenue West End, ndogo, rangi ya pinki, utaijua. Alipokuwa na miaka 12 baiskeli yake iliibiwa, akaenda akilia kumtafuta polisi, akaambiwa yupo mmoja chini anafundisha ngumi, Joe Martin, dogo akasema nikimpata mwizi nitampiga, Martin akamwambia basi jifunze kupigana kwanza. Hiyo ilikuwa 1954. Mwaka 1960 akiwa na miaka 18 anarudi kutoka Roma na dhahabu ya Olimpiki, na bado kuna migahawa ya mji wake ilikuwa haimhudumii kwa sababu ya rangi.

Ile hadithi kwamba alitupa medali mtoni Ohio kwa hasira inasimuliwa sana, ila waliokuwa karibu naye baadaye walisema ilipotea tu. Alipewa nyingine kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996.

Na pambano la Ali la Kinshasa je?

Wakongo wanaoishi hapa hili wanalijua kuliko mimi. Tarehe 30 Oktoba 1974, pambano lilianza karibu saa kumi alfajiri ili televisheni za Marekani zipate muda mzuri, Mobutu ndiye aliyetoa hela, mabondia kila mmoja dola milioni 5. George Foreman alikuwa kijana, anapiga kama nyundo, wengi waliamini Ali ataumizwa. Ali akaegemea kamba, akamwacha mwenzake apige mpaka achoke, raundi ya 8 akamlaza. Uwanja mzima unaimba "Ali boma ye", yaani Ali muue. Unakutana na mzee wa Kinshasa kwenye makumbusho ya Ali hapa mjini anaimba ile sauti mbele ya picha, wazungu wanageuka kumtazama, ni jambo zuri sana kuliona.

Ni kweli Nyerere alikataa kumwona Ali?

Kweli, na vijana wengi wa Bongo hawajui hili. Februari 1980 rais Carter alimtuma Ali Afrika kuwashawishi viongozi wasusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Urusi ilikuwa imeingia Afghanistan. Kituo cha kwanza Dar es Salaam. Mwalimu hakumpokea, kwake kutumiwa bondia kwa jambo la kidiplomasia ilikuwa dharau, na waandishi wakamuuliza Ali mbona Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia Olimpiki ya 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini, naye akaonekana kabisa hakuwa ameelezwa hayo. Kenya ilisusia. Tanzania ikaenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Ali simlaumu, alitumwa bila kupewa habari zote, na alisema wazi kwamba hakuja kulazimisha mtu.

Kaburi lake liko wapi, linaruhusiwa kutembelewa?

Liko Cave Hill, makaburi makubwa yenye miti ya kila aina na maziwa yenye bata, lango lipo Baxter Avenue, hakuna kiingilio. Alifariki tarehe 3 Juni 2016 huko Arizona, siku ya tarehe 9 akaswaliwa ukumbi wa Freedom Hall, tarehe 10 msafara ukapita mji mzima, ukapita Grand Avenue mbele ya nyumba aliyokulia, watu wamejipanga barabarani wanarusha maua juu ya gari mpaka kioo cha mbele kikawa hakionekani vizuri. Alipanga mazishi yake mwenyewe miaka kabla. Makumbusho yake, Muhammad Ali Center, yapo karibu na mto tangu 2005, na uwanja wa ndege ukapewa jina lake 2019.

Kentucky Derby ni nini na mbona mji mzima unasimama?

Ni mbio za farasi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano kila mwaka, uwanja wa Churchill Downs wenye minara miwili ya ncha iliyojengwa 1895. Mbio zenyewe ni kilomita 2 tu, zinaisha kwa dakika mbili, lakini watu wanavaa kofia kubwa za kila rangi na sherehe zinaanza wiki mbili kabla. Zilianza 1875 na hazijawahi kukosa mwaka hata mmoja, hata mwaka wa korona zilisogezwa tu mpaka mwezi wa tisa. Rekodi bado ni ya farasi anaitwa Secretariat, mwaka 1973, dakika 1 na sekunde 59 na kidogo.

Sasa hapa ndio nataka msikilize. Ile mbio ya kwanza ya 1875 ilikuwa na majoki, yaani waendesha farasi, 15 na 13 kati yao walikuwa weusi, mshindi Oliver Lewis mweusi. Katika Derby 28 za kwanza, 15 zilishindwa na majoki weusi. Isaac Murphy alishinda mara tatu, Jimmy Winkfield mara mbili mfululizo 1901 na 1902. Watu hawa walijua farasi kwa sababu wao na baba zao ndio walikuwa wanawatunza mabandani tangu utumwa. Halafu hela ilipokuwa nyingi na heshima ikapanda, wakasukumwa nje, majoki wazungu waliwabana makusudi kwenye mbio, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi, Winkfield ikabidi aende mpaka Urusi kuendesha farasi huko. Tangu yeye hakuna joki mweusi wa Marekani aliyeshinda tena Derby. Makumbusho ya Derby pale pale uwanjani yana sehemu ya habari hizi, usiipite.

Yule mzee wa KFC ni wa Louisville?

Hapana, kanali Harland Sanders alizaliwa Indiana 1890, kuku wake alianzia Corbin, kusini mwa Kentucky, kwenye kituo cha mafuta. Ila kampuni ilikaa na makao yake hapa miaka mingi mpaka ilipotangazwa 2025 kwamba yanahamishiwa Texas. Yeye amezikwa Cave Hill, makaburi hayo hayo ya Ali.

Watu wengine maarufu ni akina nani?

Wapo kibao. Louis Brandeis, alizaliwa hapa 1856, Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, majivu yake yapo chini ya baraza la mbele la jengo la kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha Louisville. Rais Zachary Taylor alikulia hapa na amezikwa hapa. Thomas Edison akiwa na miaka 19 alifanya kazi ya telegrafu, simu za maandishi za zamani, hapa na nyumba aliyopanga mtaa wa Butchertown ni makumbusho madogo. Ule wimbo wa bethidei dunia nzima inaoimba, muziki wake ni wa dada wawili wa Louisville, Mildred na Patty Hill, Patty alikuwa mwalimu wa chekechea. Lionel Hampton wa jazi alizaliwa hapa, mwandishi Hunter S. Thompson pia, na wa siku hizi ni muigizaji Jennifer Lawrence na warapu Jack Harlow na Bryson Tiller. Kwa madaktari, upandikizaji wa kwanza wa mkono Marekani ulifanyika hapa 1999.

Hilo gongo kubwa mjini ni la nini?

La besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo la mbao, urefu mita 36, limeegemea jengo la kiwanda cha Louisville Slugger barabara ya Main. Kiwanda kinatembelewa, ukiingia harufu ya mbao inakupiga puani, kipande cha mti kinawekwa kwenye mashine vumbi linaruka na ndani ya muda mfupi sana kinatoka gongo kamili, halafu linachomwa nembo. Ukitoka unapewa kagongo kadogo bure, watoto wanapenda ile mbaya. Ukitoka hapo tembea hiyo hiyo Main uangalie majengo yenye sura za chuma, ni mengi kuliko mji wowote Marekani ukitoa New York.

Nini kilitokea 1937?

Mafuriko. Mvua ya Januari haikukata, mto ukapanda ukafunika zaidi ya nusu ya mji, watu kama 175,000 walihamishwa, umeme ukazimika. West End iliumia vibaya. Baadaye ukajengwa ukuta wa mafuriko, ndio ule ukuta mrefu unaouona karibu na mto, na wenye uwezo wengi walihamia mashariki kwenye miinuko.

Breonna Taylor alikuwa nani?

Dada wa miaka 26, mfanyakazi wa afya, aliuawa na polisi nyumbani kwake usiku wa tarehe 13 Machi 2020 walipovunja mlango wakiwa na hati ya upekuzi. Watu waliandamana miezi kadhaa, wakikusanyika Jefferson Square katikati ya mji. Baraza la mji likapiga marufuku hati za kuingia bila kubisha hodi, sheria ikapewa jina lake, na mji ukakubali kulipa familia dola milioni 12. Mtu akikutajia hili jina kazini, sikiliza kwanza, hapa bado ni kidonda.

Nina siku moja na sina hela nyingi, niende wapi?

Anza asubuhi Cave Hill. Halafu teremka mjini, Belvedere kwa York, ukiweza ingia Ali Center maana hapo kuna kiingilio. Mchana tembea Big Four, daraja la zamani la treni ambalo sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu, bure, unavuka mpaka Jeffersonville Indiana, unakula huko unarudi. Kama bado una nguvu kuna paki alizochora Frederick Law Olmsted, yule wa Central Park ya New York, za Cherokee, Iroquois na Shawnee. Iroquois ina kilima, unaona mji wote. Pia kuna Belle of Louisville, meli ya mvuke ya 1914 inayotembea mpaka leo.

Chakula cha hapa ni kipi?

Hot Brown, kilibuniwa hoteli ya Brown 1926, mkate na bata mzinga na mchuzi mzito wa jibini umeokwa. Waislamu muwe makini, juu wanaweka nyama ya nguruwe. Bourbon ni wiski ya mahindi, lazima angalau asilimia 51 iwe mahindi na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, mji umejaa viwanda vyake.

Mbona ndege zinapita usiku kucha?

Ni UPS. Kituo chao kikuu cha mizigo duniani kipo hapa uwanja wa ndege, Worldport, vifurushi vinachambuliwa usiku ili asubuhi vifike. Ndugu zetu wengi wanapiga shifti hapo, na wengine viwanda vya Ford.

Nije mwezi gani?

Mwezi wa nne kuna fataki kubwa juu ya mto, Thunder Over Louisville, bure ukisimama ukingoni. Wiki ya Derby bei za hoteli zinapanda sana, usije kama huna mwenyeji wa kukulaza. Mwezi wa saba joto na unyevunyevu kama Dar. Mimi nawashauri wageni waje wa tisa au wa kumi, hali ya hewa ni nzuri, majani yanaanza kubadilika na mawe ya mtoni yako wazi.